Dada Yake Kocha

Mimi nina wivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele. Wivu wangu si ule wa kununa kidogo ili ubembelezwe. Ni wivu wa kuniinua kwenye cherehani nikaacha shati la mwanafunzi lina mkono mmoja.

Aliyeniinua siku ile ni Esta, binti wa mama yangu mdogo. Esta alikuwa anauza dagaa minadani, leo Bunda kesho Butiama, na habari za mkoa mzima zilikuwa zinapita kwake kwanza. Alikuja kibarazani kwangu Nyakato, pale Musoma, akakalia gunia lake, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

"Nimemwona Kocha wako Bunda," akasema.

"Mzima?"

"Mzima sana. Amenenepa."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedeli.

"Amenenepa vipi?"

"Mashavu hayo. Na kitambi kinaanza. Amependeza, siwezi kusema uongo." Akachomoa dagaa mmoja guniani, akatafuna taratibu. "Kuna mtu anamlishaga vizuri huko."

Ngoja niwaeleze kwa nini neno hilo liliniingia kifuani namna ile. Isidori wangu, Mzanaki wa Butiama, alikuwa kocha wa timu ambazo magazeti hayakuzijua. Alicheza mpira Musoma mpaka goti likamkatalia, akaanza kufundisha. Alianza na Nyasho Rovers, akaenda Tarime, akarudi Musoma, akaenda tena. Kila alikokwenda aliwakuta vijana wanacheza peku, anawalea mpaka wanapanda daraja, halafu viongozi wanaleta kocha mwenye jina kutoka Mwanza, na Isidori anafunga begi. Miaka ile ya shida, sukari ya kupanga foleni na sabuni ya kufichwa, kocha wa namna ile alikula alichopewa na mashabiki, na mashabiki wenyewe walikuwa na njaa. Suruali zake nilizipunguza kiuno mimi mwenyewe, kwa cherehani hii hii. Sasa maduka yalikuwa yameanza kujaa, mitumba inamwagwa sokoni kila wiki, lakini mfuko wa Isidori ulikuwa ule ule. Mwanaume wa hivyo hanenepi hivi hivi. Kuna sufuria mahali, na sufuria ina mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba yangu, mzee Bernado, mvuvi wa Nyegina, hakumtaka. Alikuwa anasema ukocha si kazi, ni ugonjwa wa kuhamahama. Alikuwa amempa Isidori nafasi ya mwisho alete ng'ombe wa mahari, la sivyo angempokea Masatu, mnunuzi wa sangara, mwenye gari la barafu na viatu vinavyong'aa. Isidori alimjibu baba kwa adabu zake zote kwamba ligi ikiisha tu, atakuja. Mimi nilikuwa nasubiri. Nilikuwa naota macho yake, maana Isidori akikutazama hakutazami juu juu, anakutazama kama vile anataka kujua umelala vizuri au vibaya. Kama macho yale yalikuwa yanamtazama mtu mwingine Bunda, mimi nilikuwa nimeshapotea.

Jumamosi asubuhi nikadandia lori lililokuwa linarudi Bunda tupu.

Kambi ya timu sikuitafuta, maana siku ile mji wote ulikuwa unaizungumza. Balili Stars, timu ya kitongoji cha Balili aliyokuwa anaifundisha Isidori safari hii, wangecheza jioni, na wakishinda wanapanda daraja la pili. Wamepiga kambi kwa Bibi Wankyo, nikaambiwa, kule chini ya mlima wa mawe. Nilipofika langoni nikamkuta kijana mrefu, kifua wazi, ameketi kwenye jiwe.

"Wanawake hawaingii leo," akasema. "Kuna mechi."

"Nimemfuata Kocha."

"Wewe ni nani wake? Maana kama ni mchumba, msubiri hapo barabarani mpaka filimbi ya mwisho. Mwaka jana mchumba wa beki wetu aliingia kambini, tukafungwa na timu ya shule."

Mtu mwenye akili angekaa barabarani. Mimi nikasema, "Ni dada yake."

"Toka Butiama?"

"Toka Butiama."

Akanipisha. "Dada ni damu, hana neno. Mimi Mwikwabe, golikipa."

Nikaingia. Mji ulikuwa mkubwa, umefagiwa, zizi limejaa mbolea mbichi. Kwenye ua wa minyaa zilianikwa jezi za mitumba zenye maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu Bunda aliyeijua, na katikati ya jezi, suruali ya Isidori. Niliijua kabla sijaisogelea. Nikaishika kiunoni. Ilikuwa imeongezwa kipande cha kitambaa nyuma, kwa mkono, mshono mdogo mdogo ulionyooka. Ulikuwa mshono mzuri, na hilo ndilo lililoniuma.

"Karibu wifi," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa msichana wa umri wangu, mrefu, ana mwanya, mwiko wa ugali mkononi. Nikamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu nikitafuta kasoro, na sikuiona hata moja.

"Mwikwabe kaniambia," akasema huku ananipigia goti. "Mimi naitwa Pelagia. Kocha anakuzungumziaga sana."

"Ananizungumzia mimi?"

"Dada yake wa Butiama, ndiyo."

"Hii suruali ameiongeza nani?"

"Mimi. Kwa mkono tu, cherehani hatuna."

"Na hiyo wifi inatoka wapi? Umeolewa na kaka yangu?"

Akacheka kwa aibu, akakuna udongo kwa kidole cha mguu. "Bado. Mimi ni mke wa hapa."

"Mke wa nani?"

"Wa Bibi Wankyo."

Hapo pumzi zikanirudia. Sisi wa ziwani habari hiyo tulikuwa tunaisikia kwa mbali, lakini kule kwa wenzetu Waikizu na Wakurya ni jambo la heshima, wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Mama aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anachukua ng'ombe walioletwa kwa binti zake, anaoa mke. Anatoa mahari kama mwanaume. Huyo mke anazaa na mwanaume anayekubalika nyumbani, na watoto ni wa yule mama. Wanabeba jina la marehemu na wanarithi zizi. Mwanaume hana lake. Basi nikamwona Pelagia ni mke wa mtu, nikataka hata kumsaidia kusonga ugali.

Raha yangu haikumaliza muda wa kunywa maji. Bibi Wankyo akatoka ndani, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, akaketi kwenye kigoda akanionyesha mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dada. Mungu amekuleta siku nzuri." Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Kuna neno nimemwambia kaka yako. Nataka anijazie nyumba hii."

"Akujazie vipi, mama?"

"Azae na huyu mke wangu. Wanaume wa Balili siwataki. Mmoja atazaa leo, kesho anakuja kulewa mlangoni kwangu anadai mtoto. Kaka yako ni mtu wa kupita. Kila mwaka ana timu nyingine. Akishanipa wajukuu ataondoka zake, na ile miguu mirefu itabaki kwangu."

Nikasikia masikio yanachemka. Jambo ambalo baba yangu alimkatalia Isidori ndilo hilo huyu mama alimpendea.

"Na yeye amesemaje?" nikauliza.

"Hajakataa. Amesema tungoje ligi iishe."

Nikashika ukingo wa mkeka. Pelagia alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza, na uso wake ulikuwa na matumaini ambayo hakuna aliyehitaji kunielezea. Nilikuwa nayo mimi mwenyewe, huko Nyakato.

"Wewe ni dada," Bibi Wankyo akaendelea. "Neno lako analisikia. Nisemee, mwanangu."

Kabla sijafungua mdomo, Isidori akaingia. Alikuwa ametoka uwanjani kuchora mistari, na kwa kuwa chokaa haikuwepo walichora kwa majivu, mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Kweli alikuwa amenenepa. Kweli alikuwa amependeza. Shati lilikuwa limemkaa mabegani kama halijawahi kumkaa, na nikamchukia kila aliyemwona hivyo kabla yangu.

"Kocha, dada yako amefika," Pelagia akasema. Sauti aliilegeza kidogo. Ni mwanamke tu angesikia.

Isidori akanitazama. Nikayaona macho yale yananiuliza nimelala vizuri au vibaya. Nikangoja. Nilitaka aseme, huyu si dada yangu. Sekunde ile ningemsamehe kitambi, suruali na kila kitu.

"Karibu, dada," akasema.

Nikainuka, nikamwomba Bibi ruhusa ya kuzungumza na kaka yangu habari za nyumbani. Tukaenda nyuma ya zizi.

"Dada," nikasema.

"Hyasinta, si ndivyo ulivyosema langoni? Mwikwabe kaniambia."

"Mimi nilisema ili nipite. Wewe umesema ili nini?"

Akajipangusa majivu kwenye mapaja. "Hakuna kitu kati yangu na Pelagia."

"Kuna suruali."

"Ulitaka nivae nini? Ilikuwa haifungi."

"Na kwa nini ilikuwa haifungi?"

"Kwa sababu ninakula." Alisema taratibu, bila kuinua sauti, na Isidori akikasirika huwa anashusha sauti. "Tangu nianze kazi hii, hapa ndipo pa kwanza ninapokula asubuhi na jioni. Vijana wangu wanakula. Tarime nilikuwa nawafundisha watu wenye njaa kukimbia, Hyasinta, unajua mwenyewe, wanaanguka mazoezini. Huyu mama ametuchinjia ng'ombe wake. Nikimkataa kabla ya mechi atafunga mlango, na vijana wataingia uwanjani na tumbo tupu."

"Kwa hiyo ukamwambia asubiri ligi iishe."

"Ndiyo."

"Na baba yangu ulimwambia nini?"

Akarudia kujipangusa majivu.

"Ulimwambia asubiri ligi iishe. Hebu nieleze, Isidori, hiyo ligi ikiisha utakuwa na wake wangapi?"

Kicheko kikamponyoka kidogo. Mimi sikucheka, naye akakimeza.

"Unampenda?" nikauliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani."

"Namwonea huruma. Ameletwa hapa hajaulizwa. Siku nzima yuko jikoni, hana wa kuzungumza naye."

"Huruma ndiko wanakoanziaga wote." Machozi yalikuwa yameshafika, nikayafuta kwa hasira kabla hajanyanyua mkono. "Nenda ukamwambie sasa hivi. Si baada ya mechi. Sasa."

"Vijana hawajala."

"Basi mimi naondoka. Na nikifika Nyegina namwambia baba amruhusu Masatu alete wazee wake. Nimechoka kuwa mtu wa baada ya ligi."

Sikuwa natania. Isidori akageuka akarudi uani, na mimi nikamfuata nyuma.

Wachezaji walikuwa wameshakaa kwenye makundi kuzunguka masinia, wamenawa mikono, ugali wa muhogo unafuka moshi na Pelagia anagawa nyama. Isidori akachuchumaa mbele ya kigoda cha Bibi Wankyo.

"Mama, huyu si dada yangu. Huyu ni Hyasinta, mchumba wangu, binti wa mzee Bernado wa Nyegina. Nimekuzungusha kwa makusudi, naomba unisamehe. Jambo lako siliwezi."

Mwikwabe akarudisha tonge siniani. "Mchumba? Kambini?" Akawatazama wenzake. "Tumekwisha."

Hakuna aliyemjali. Wote tulikuwa tunamtazama yule mama. Hakukasirika. Alinitazama mimi kwa makini, kama mtu anayekagua mtamba mnadani, akamgeukia Isidori.

"Umemtolea ng'ombe?"

"Bado, mama."

"Hata mmoja?"

"Sina."

"Basi jambo ni jepesi," akasema. "Ng'ombe ninao mimi. Nitamwoa na huyu. Nitampelekea baba yake ng'ombe kupita wale anaowataka, wanene, hata kesho. Atakaa hapa kwangu, na mwanaume atakayemchagua ni wewe, hakuna atakayewaingilia. Pelagia nitamtafutia mwingine. Wewe utakula, utalala na unayempenda, utafundisha mpira wako. Watoto tu ndio wangu."

Alisema kwa wema, hilo lazima niliseme. Hakuwa anatutega. Alituona watu wawili wenye shida na yeye alikuwa na dawa yake zizini.

Na mimi, nisifiche, moyo uliyumba. Nilimwona baba anahesabu ng'ombe akinyamaza. Nilimwona Masatu anageuza gari lake la barafu. Niliona asubuhi za kila siku na Isidori, si salamu za kuletwa na wachuuzi. Nikamtazama kujua anawaza nini, na nikamwona kweli anawaza. Ameinamisha kichwa, midomo imekaza, namna anavyokaaga timu yake inapofungwa. Muda ule ulinichinja. Kila pumzi niliyovuta niliona anaelekea kukubali, na sikujua kama nitamkataa.

"Mama," akasema hatimaye, "Nyasho Rovers niliwakuta wanacheza peku. Nikawalea. Walipopanda akaletwa mwingine, na picha waliyopiga siku ya kukabidhiwa kombe mimi simo. Tarime, vile vile. Hawa vijana hapa wakishinda leo, najua viongozi wameshazungumza na mtu wa Mwanza. Sinuni. Timu ni za watu, mimi ni mtu wa kuzikuza tu." Akamtupia jicho Mwikwabe na wenzake, nao wakainamia masinia. "Lakini huyu akizaa mtoto wangu katika nyumba hii, yule mtoto ataniita nani?"

Bibi Wankyo akatazama zizi lake.

"Ataniita Kocha," Isidori akasema. "Siwezi, mama."

Nilitaka kumshika pale pale mbele ya watu, nikajizuia.

Bibi Wankyo akashusha pumzi. "Umesema ukweli wako, sina ugomvi nao. Vijana, kuleni. Timu ni ya Balili, haina kosa." Akainuka kwenye kigoda. "Wewe chukua begi lako. Chumba changu nilimwekea mtu wa nyumba hii, na sasa si wewe."

Pelagia alikuwa hajaacha kugawa. Mkono uliendelea kuchota, sahani hii, sahani ile, na machozi yanamteremka bila sauti na hakuyafuta. Sahani ya mwisho ilikuwa ya Isidori. Akaijaza kuliko zote, akaiweka chini karibu naye, akaingia ndani. Isidori hakuigusa.

Tukatoka na begi lake. Njia ya uwanjani ilikuwa ya vumbi, watu wanatupita kwa makundi wanaimba, wanampigia saluti, "Kocha, leo ni leo." Hawakujua kwamba Kocha wao hana pa kulala usiku ule.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Mwanamke mwingine angesema ndiyo. Mwanaume alikuwa ameacha chakula, kitanda na ng'ombe kwa ajili yangu mbele ya kadamnasi. Lakini nimeshawaambia mimi nikoje.

"Ulipokuwa unamwambia mama, ulimtazama Pelagia?"

Akalihamishia begi bega jingine.

"Nilimtazama."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia, Hyasinta. Na aliyemliza ni mimi."

Nilitaka aniongopee. Nilitaka aseme hakuona mtu mwingine pale isipokuwa mimi. Iliniuma, lakini hatua chache mbele nikajua kwamba mwanaume anayeweza kunijibu hivyo, siku nikilia mimi ataniona. Sikumwambia. Nilimshika tu mkono, majivu yakanipaka kiganja.

Uwanjani watu walikuwa wameshajaa mpaka kwenye mistari. Isidori akaniacha kwenye ukingo wa uwanja, akaenda kusimama mahali pake, mikono kiunoni, suruali ya mshono wa Pelagia imemkaa vizuri. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na chumba, na ikifika jioni huenda asingekuwa na timu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, amefunga kanga mpya ya rangi kali, akanyoosha shingo.

"Kocha gani huyo mzuri hivyo?" akaniuliza. "Unamjua?"

"Ni mume wangu," nikamwambia. "Tazama mpira."